Naomba Ruhusa, Sista

YONA: Mbukwenyi, wasikilizaji. Feni tumeizima kwa sababu wiki iliyopita mlilalamika kwamba inasikika kuliko sisi. Kwa hiyo mkisikia Sista Hadija anajipepea na daftari, hiyo ni Oktoba ya Dodoma, mvumilieni.

HADIJA: Na daftari lenyewe ndilo lenye maandishi yangu. Sijui nitasoma au nitajipepea.

YONA: Ujumbe wa leo umetoka kwa afisa tabibu mmoja wa Bahi. Anasema amesoma kwamba huko nje madaktari na wauguzi wanaulizwa msimamo wao juu ya kumsaidia mgonjwa afe, hasa hawa wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu yanayozidi mwaka hadi mwaka. Anauliza, sisi tukiulizwa tutasema nini? Sista, miaka yote hiyo wodini, umewahi kuombwa?

HADIJA: Kwa maneno hayo, hapana. "Nisaidie nife" hakuna aliyewahi kuniambia. Ninachoambiwa ni "naomba ruhusa, sista". Nitarudi hapo.

YONA: Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe.

HADIJA: Chukua ule unaoitwa ALS. Seremala anaona nyundo inamponyoka. Anadhani ni uchovu, anachuliwa mafuta ya nazi. Baadaye mguu unaanza kuburuzika, ulimi unakuwa mzito, jirani anasema fundi siku hizi anakunywa. Kumbe neva zinazoamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo, mpaka za kumeza, mpaka za kupumua. Na akili, kwa wengi, ipo palepale. Amelala pale anasikia mnavyogawana shamba lake la zabibu.

YONA: Lakini yule mwanasayansi, Stephen Hawking, aliishi.

HADIJA: Nilijua utamleta! Aligunduliwa mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akafariki 2018. Huyo ni mmoja wa ajabu, mwalimu, tena mwenye wauguzi usiku na mchana na mashine ya kumsemea. Wengi wanaondoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano tangu dalili zianze. Usimlete kwenye wodi yenye muuguzi mmoja na vitanda thelathini.

YONA: Sawa. Sasa huko nje wamefika wapi?

HADIJA: Oregon, Marekani, sheria yao inafanya kazi tangu 1997. Uholanzi na Ubelgiji 2002, Kanada 2016. Na ukitazama, wenye magonjwa ya neva wapo mbele kabisa kwenye historia hiyo. Kanada kulikuwa na mama anaitwa Sue Rodriguez, ana ALS. Alikwenda mpaka Mahakama ya Juu akashindwa mwaka 1993, majaji watano kwa wanne. Uingereza akaja Diane Pretty, ugonjwa ni huohuo, akafika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya mwaka 2002, naye akakataliwa.

YONA: Kwa nini hao, na siyo wa saratani?

HADIJA: Kwa idadi, Oregon wa saratani ndio wengi. Lakini wa neva wana tatizo lao la pekee, ni la mikono. Oregon daktari anaandika dawa, lakini mgonjwa ndiye anayeinywa mwenyewe. Sasa mtu ambaye mikono imekufa na koo linakataa maji, atainywaje? Ina maana aende mapema, wakati bado ana miezi ya kucheka na wajukuu, kwa kuogopa kwamba akichelewa hataweza. Tena kuna masharti ya kwamba daktari akadirie umebakiza miezi sita. Ugonjwa wa neva hauna kalenda hiyo. Jimbo la Victoria kule Australia sheria yao ilipoanza 2019 iliweka miezi sita kwa wengine, na kumi na miwili kwa wa neva. Angalau mtu alikaa akafikiri.

YONA: Na madaktari wao wanasemaje? Maana swali la msikilizaji ni hilo.

HADIJA: Wamegawanyika, na wanahama. Chama cha madaktari wa neva cha Marekani, American Academy of Neurology, mwaka 1998 kilipinga. Mwaka 2018 kikaondoa pingamizi, kikasema kila daktari na dhamiri yake pale sheria inaporuhusu. Lakini Chama cha Madaktari Duniani mwaka 2019 kikabaki kupinga. Na Uingereza, chama cha madaktari kilipouliza wanachama wake 2020, wa tiba shufaa, hawa wa kutuliza mateso ya wagonjwa wasiopona, walikuwa miongoni mwa waliokataa kwa wingi.

YONA: Subiri hapo. Yaani wale wanaoshinda na wanaokufa ndio wanaosema hapana?

HADIJA: Ndio. Wanasema ukimtuliza mtu maumivu na kile kihoro cha kukosa hewa, mara nyingi ombi linabadilika.

YONA: Au wanaona walioweza kutulizwa tu. Mimi mzee wangu, Mungu amrehemu, alitetemeka miaka tisa. Kituo kimoja tulipewa dawa ya presha. Waganga wawili wakala mbuzi wetu. Jina la Parkinson tulilisikia akiwa hawezi tena kufunga kifungo cha shati. Na kila jioni alikuwa anasema "nimewachosha wanangu". Kama angesema anataka kupumzika, Sista, mimi nisingemwita mwenye dhambi.

HADIJA: Pole, kaka yangu. Na hauko peke yako. Kuna utafiti ulifanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa 2008. Walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wenye Parkinson, na wengi wa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo, wala kupata dawa yake. Sasa mimi nitoe msimamo gani wa kumsaidia mtu kufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyemwambia anao? Dawa ya kutetemeka ipo. Haiponyi, lakini inamrudishia mtu kijiko mkononi.

YONA: Hilo nakubali. Lakini unalikwepa swali.

HADIJA: Silikwepi. Sheria yetu unaijua, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Dini yangu na yako zinasema roho si mali yetu. Lakini nikiwa mkweli, siyo hayo yanayonishika pale kitandani. Kinachonishika ni kwamba simsikii mgonjwa. Wodini kwetu mgonjwa anazungumza wa nne. Anaanza kaka mkubwa, halafu mjomba, halafu aliyeuza ng'ombe. Wananiambia "amechoka". Nani amechoka? Mara nyingi mke ambaye hajalala kitandani tangu Pasaka. Siwalaumu. Ila ukinipa sheria ya Kanada hapa kesho, naogopa watakaosaini ni wao.

YONA: Na hiyo "ruhusa"?

HADIJA: Haya. Mgonjwa anakoroma, mate yanampalia, familia wanakuja mlangoni: "Sista, tunaomba ruhusa, tukamuuguzie nyumbani." Wamekodi Noah, wanaenda Mpwapwa. Mimi najua, daktari anajua, dereva wa Noah anajua. Karatasi inasainiwa. Anaondoka na Panadol.

YONA: Sasa hiyo tofauti yake na ile ya Uholanzi ni nini?

HADIJA: Kule wanatoa dawa ya kuua. Sisi hatutoi kitu.

YONA: Hamtoi kitu. Hilo ndilo jibu?

HADIJA: ... Umenibana, mwalimu. Kuacha kumwekea mtu mashine aliyoikataa si kumuua, hata kule nje wanatenganisha hayo mawili. Lakini kumwachia afe akitafuta hewa nalo siyo la kujivunia. Na hapa ndipo nawasema wenzangu, na mimi nimo. Tunaogopa morfini. Ile ya maji, inayochanganywa kutoka unga, dozi ndogo inatuliza ile hali ya kukosa hewa, na ikipimwa vizuri haimuui mtu. Lakini wodini inaitwa sindano ya mwisho, hata ikiwa kwenye chupa. Nesi kijana hataki kuwa aliyeitoa halafu mtu akakata roho zamu yake. Kwa hiyo ukiniuliza msimamo wa watoa huduma, hapa kwetu kwanza ni woga. Haujafika kuwa msimamo.

YONA: Msikilizaji wa Bahi naona kapata la kumpelekea bosi wake.

HADIJA: Aseme limetoka kwa Hadija, nishastaafu mimi.

YONA: Ulisema una kisa. Bila kumtambulisha mtu.

HADIJA: Nimebadilisha mengi. Alikuwa hasemi tena, anafumba jicho tu. Binti yake alichora herufi kwenye kipande cha boksi. Unapitisha kidole, ukifika kwenye herufi anafumba. Ndugu walikuwa wamekaa kikao nje, wameamua baba anataka kufa. Nikasema ngoja. Nikaingia, nikamuuliza: unataka nini? Ilichukua muda wa kuchemsha chai. G. E. U. Z. A.

YONA: Geuza?

HADIJA: Alitaka ageuzwe ubavu. Alilalia upande mmoja tangu alfajiri.

YONA: Ehee! Kumbe hata...

HADIJA: Usifurahi. Siku ya pili nikamuuliza tena. B. A. S. I.

YONA: Basi.

HADIJA: Basi ya nini? Basi maswali yako? Basi huu mpira wa puani? Basi kuishi? Nilitaka kumuuliza, zamu ikawa imeisha, saa moja na nusu usiku. Nikaandika kwenye daftari la zamu: aulizwe, basi ya nini.

YONA: Wakamuuliza?

HADIJA: Nilirudi asubuhi kitanda kimetandikwa. Kaka yake alifika usiku kutoka Kondoa. Waliomba ruhusa.