Fangasi kwa mgonjwa wa lukemia: kuua kwenye sahani ya maabara siyo kutibu

Haya, ambao hamjapata viti kaeni hata kwenye ngazi, mimi naanza. Na naanza na ugomvi wangu wa kila mwaka, mlionisikia mwaka jana mtanivumilia. Nikitaja fangasi humu ndani nusu yenu mnawaza vidole vya miguu, nusu ingine mnawaza mambo ya kina mama. Mimi naongelea ukungu, ndugu yake yule anayeota kwenye mahindi yaliyolowa akatuachia sumukuvu, ila huyu anaota kwenye pafu la mtu. Mtu ana lukemia, saratani ya damu, tumempiga kemo, zile dawa kali za saratani, ugonjwa umerudi nyuma, ndugu wameshaanza kupanga safari ya kurudi nyumbani, alafu anaondoka na ukungu. Inaniuma sana hiyo.

Kuna kijana mmoja, siku ya kumi baada ya kemo, homa 39, antibayotiki mbili zinaingia kwa dripu na homa haishuki. Uji anausukuma pembeni. Faili limeandikwa "hamu ya kula imepungua". Jamani, hamu ya kula! Nikamwambia afungue mdomo nikapiga tochi ya simu, utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kuanzia kwenye ulimi mpaka kooni, ndo Candida hiyo, fangasi wa mdomoni, kumeza tu machozi yanamtoka. Na dirisha liko wazi, nje fundi anavunja ukuta, vumbi linaingia wodini, na vumbi la namna hiyo hubeba mbegu za Aspergillus, ndo ule ukungu wangu wa mapafu, mikroni 2 au 3 tu, zinateremka mpaka mwisho kabisa wa pafu. Nikalalamika, nikajibiwa fundi ameshalipwa.

Sasa mimi na wewe tunavuta mbegu hizo kila siku na hatuumwi, kwanini? Kwasababu ya neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazoua vijidudu. Kemo inapozima uboho neutrofili zinashuka chini ya 500 kwa maikrolita, wengine wanafika sifuri, na ndani ya zile neutrofili ndo kulikuwa na defensini, vipeptidi vidogo, yaani vipande vifupi vya protini vinavyoua vijidudu, ambavyo wenzetu wa Los Angeles walivieleza mwaka 1985. Kwahiyo mgonjwa hajapungukiwa "kinga" hivi hivi kama mnavyopenda kusema, kapungukiwa risasi kabisa, na tuliozimaliza ni sisi.

Hapo ndo anaingia chura wangu. Msicheke. Michael Zasloff alikuwa Bethesda, Marekani, anatumia vyura wa Afrika, Xenopus, wale wenye kucha, ambao zamani walitumika kupimia mimba, unamchoma chura jike mkojo wa mama, kukicha ametaga, basi mama ana mimba. Zasloff yeye alikuwa anataka mayai tu kwa utafiti wake mwingine. Anampasua chura, anatoa mayai, anashona, anamrudisha kwenye tangi. Maji yale machafu, yamejaa bakteria, yaani wewe ukiingiza kidonda chako humo kesho mguu umevimba. Chura anapona! Hana usaha, hana wekundu, mshono umekauka vizuri. Wangapi walishawapasua vyura hao wakaona vidonda vinapona wakaendelea na shughuli zao? Yeye akauliza. Akachuna ngozi akakuta peptidi mbili, kila moja ina asidiamino 23, akaziita magainini, kwa Kiebrania magen ni ngao. Mwaka 1987 akachapisha: zinaua bakteria, zinaua na fangasi. Zina chaji chanya, utando wa nje wa kijidudu una chaji hasi, zinaugandia, zinautoboa, cha ndani kinavuja.

Najua kuna mtu keshawaza tukamue vyura. Hapana! Na yule wa "si ndio mitishamba hiyo" naye akae kwanza. Mtoto wa magainini, pexiganani, walimtengeneza kama krimu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikamkataa, haikuonekana kama anaishinda antibayotiki iliyokuwepo. Na hiyo ni krimu, ya kupaka juu! Ukiiingiza kwenye mshipa vimeng'enya vinaikatakata, chumvi ya damu inaipunguza nguvu, ukiongeza dozi inaanza kutoboa chembe nyekundu za mgonjwa ambaye hata damu hana. Kwahiyo kila mwanafunzi anayenijia na picha ya sahani, "mwalimu peptidi yangu imeua Candida", namuuliza ndani ya damu je? Kimya. Mate yako yenyewe yana peptidi, histatini, inayoua Candida, mbona hatuuzi mate?

Tena fangasi siyo bakteria, seli yake inafanana na yetu. Ndo maana amfoterisini, dawa yetu ya zamani ya fangasi, ikimpiga fangasi inaigusa na figo.

Ila msitoke hapa mkisema mzee kakata tamaa. Caspofungini, dawa ya fangasi, ipo sokoni tangu 2001, na hiyo kimsingi ni peptidi ya mviringo yenye mkia wa mafuta, asili yake ni fangasi mwenyewe. Ujanja wake ni kwamba inazuia ujenzi wa glukani, kitu kinachojenga ukuta wa seli ya fangasi, na sisi hatuna ukuta, kwahiyo figo zinapumua. Ndugu yake, rezafungini ya 2023, unachoma mara moja kwa wiki. Lakini ni za sindano tu, hazigusi Cryptococcus, fangasi wa homa ya uti wa mgongo, na Candida auris, ndugu sugu wa Candida, imeshaanza kuzizoea... naonyeshwa saa. Dakika mbili? Nilikuwa na slaidi nane.

Basi ya bei naruka, ya laktoferini, protini ya kwenye maziwa, naruka, piga picha hiyo slaidi. Flukonazo, dawa ya fangasi mnayoiandika sana, nasema haraka, haimgusi Aspergillus, acheni kumwandikia mgonjwa wa mapafu mkasema mmemkinga. Dada wa pale nyuma mkono umekaa juu tangu nilipotaja chura, haya uliza, ila kama ni kuhusu kumkamua nitakutoa nje.