Pima Stamina ya Mtoto Mnene kwa Kutembea Dakika 6

Karibuni wazazi, karibuni walimu. Leo tunapima stamina ya mtoto mwenye unene uliokithiri, na hatutamkimbiza. Zile mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio humtoa mapema mbele ya wenzake, maana kila hatua anaubeba uzito wake wote. Akitoka pale analia, kesho raba hazivai. Kwa hiyo tunatembea, na tunapimia pembeni, bila watazamaji.

Anza na maswali. Ana pumu? Amewahi kuzimia au kubanwa kifua akicheza? Anachechemea, au anaumwa nyonga au goti? Hili la mwisho msilipuuze. Kwa mtoto mnene anayekaribia kubalehe, goti linaweza kuuma kumbe tatizo liko kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kuteleza. Ukisikia “ndiyo” kwa lolote kati ya haya, leo hapimwi, anaonwa na daktari kwanza. Na huyo anayechechemea, mpeleke leo leo.

Sasa tazama hapa. Nimepima mita 30 za sakafu tambarare kwa futi ya fundi, nikaweka chupa ya maji kila mwisho. Kiti kipo karibu. Mtoto amevaa raba zake za kila siku, na hajatoka kula sasa hivi. Akae dakika 10, kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Andika.

Mwambie hivi: “Mama, utatembea haraka uwezavyo, usikimbie. Ukichoka, simama upumue, halafu uendelee.” Akisimama, saa usiizime.

Washa saa ya simu. Wewe baki mahali pako! Ukitembea naye bega kwa bega, utakuwa umepima mwendo wako. Kila dakika ikiisha sema kwa sauti ileile ya upole: “Vizuri sana, zimebaki dakika 5.” Usishangilie kama uwanjani, kwa sababu siku nyingine ukiwa kimya majibu hayatalingana. Akibanwa kifua, akipata kizunguzungu au akipauka, mkalishe na usiendelee.

Dakika 6 zikitimia, mwambie asimame palepale alipo. Huyu wetu amemaliza urefu wa mita 30 mara 14, na juu yake mita 12. Ni mita 432. Pima tena mapigo, halafu muulize: “Kuanzia 0 mpaka 10, umechoka kiasi gani?” Jibu lake liandike kama alivyolitaja, hata kama uso unakwambia lingine.

Tafadhali, namba hii usiilinganishe na ya mdogo wake wala ya mtoto wa jirani. Inalinganishwa na yake mwenyewe ya miezi 3 ijayo. Katikati hapo ndipo penye kazi: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kucheza na kutembea kwa nguvu. Huyu anaweza kuanza na 15, kamba au rede, apendacho. Mizani inaweza kugoma kushuka huku mita zikiongezeka, na mita hizo ni afya, mwonyeshe kwenye daftari.

Mwisho, andika tarehe, saa, mahali na raba alizovaa. Mtakaporudi, chupa ziwekwe palepale.