"Mbona nyuma yako hakuna watu?" Haya, nawajibu

Assalam aleikum, hamjambo huko. Leo nilipanga kuwaonyesha ngamia wa Kharai, wale wanaoogelea kwenda kula mikoko, lakini nimefungua maoni asubuhi nikakuta lile swali tena. "Dada, wewe uko India kweli? India ina watu zaidi ya bilioni, mbona nyuma yako hapiti hata mtu mmoja?" Mwingine akadakia chini yake: "Huyo yuko Dodoma, anatuzuga."

Dodoma! Mtoto wa Tanga mie.

Ngoja nigeuze simu. Mnaona? Mti wa miba, tenki la maji, pikipiki ya mtu wa maziwa na madebe yake mawili. Basi. Mpaka jioni mifugo ikirudi, picha ndiyo hiyo. Na sitaki huruma ya mtu. Nikisema kimya, mnasema ndoa imenishinda. Nikisema pazuri, mnasema najishaua. Sasa leo nasema hesabu tu, mkasirikie hesabu.

Niko taluka ya Lakhpat, wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, pembe ya magharibi kabisa. Ukivuka jangwa la chumvi unaikuta Pakistan. Taluka ichukulieni kama tarafa yetu, ila hii ina meno: ardhi, kodi, vyeti, vyote vinapita hapo. Mkubwa wake anaitwa mamlatdar, na hilo neno limezaliwa na muamala, muamala wetu huu huu. Majimbo mengine ngazi hiyo wanaiita tehsil, kwingine mandal.

Kutch ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674. Sensa ya 2011 ilikuta watu 2,092,371. Ukigawanya unapata watu 46 kwa kilomita moja ya mraba. India nzima mwaka huo ilikuwa 382. Na Tanzania, sensa ya 2012? 51! Yaani nyie mnaonicheka mmebanana kunishinda. Tena hiyo 46 imebebwa na mijini, Gandhidham na Bhuj, makao makuu ya wilaya. Huku kwetu hatufiki.

Najua mtasema takwimu za kale. Ndizo zilizopo. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, ikaja kutangazwa kwamba watu watahesabiwa kwa tarehe ya 1 Machi 2027. Sisi Tanzania tumehesabiwa 2022, kwa hiyo hapo naomba tujisifu kidogo.

Sasa kitu kilichonichanganya nilipofika ni neno kijiji. Nyumbani kijiji ni watu. Huku, kwenye daftari, kijiji ni mipaka ya ardhi yenye jina na namba, awepo mtu asiwepo. Sensa ya 2011 ilihesabu vijiji zaidi ya 640,000 nchi nzima, na zaidi ya 40,000 kati yake havikuwa na mkazi hata mmoja. Sehemu nyingine za India daftari za ardhi zinakiita kijiji kama hicho bechirag, yaani kisicho na taa. Niliposikia maana yake nilinyamaza kidogo.

Halafu kuna kinyume chake, watu wapo lakini jina halipo. Wafugaji wa huku wanakaa kwenye vitongoji vinavyoitwa vandh, na vandh inahesabiwa ndani ya kijiji chenye namba, hata kama kijiji chenyewe kiko mbali na mlango wako. Mimi naishi kwenye vandh. Hapo ndipo yalipoanza mateso yangu.

Nilitaka kufungua akaunti ya benki. Akaunti tu, jamani, si mkopo. Kitambulisho cha mume wangu kimeandika jina la vandh. Bili ya umeme imeandika jina la kijiji. Fomu ya benki inataka jina moja. Nikaambiwa nilete barua ya sarpanch, huyo ni kama mwenyekiti wa kijiji. Nimeleta. Nikaambiwa na ya talati pia, karani wa ardhi na kodi, mweke karibu na mtendaji wetu. Siku hiyo talati hayupo, ana vijiji vingine. Baadaye ikatakiwa hati ya kiapo. Kutoka hapa mpaka Bhuj ni zaidi ya kilomita mia kwa basi, kwenda na kurudi siku imekwisha, na kila safari ni nauli, chai, fotokopi. Mara ya tatu kijana wa dirishani ananiambia, "Madam, hapa umeandika Kutch, hapa Kachchh." Mwanangu, si ndiyo wilaya uliyozaliwa? Nyote mnaandika hivyo na hivyo! Nilirudi nyumbani nalia kwenye basi, mavyaa wangu akaniona akaniwekea chai bila kuuliza kitu. Ndiyo maana kimya changu cha miezi miwili kile. Kuna walioandika kwamba nimeachika.

Lakini msidhani huku pamekuwa patupu siku zote. Mji wa Lakhpat wenyewe una ukuta wa kilomita kama saba, na ndani wamebaki watu mia chache. Ulikuwa bandari. Watu wa huku husema iliingiza laki ya pesa kwa siku, ndiyo asili ya jina, na laki hiyo mnaijua, ndiyo hiyo hiyo yetu. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko likainua tuta refu la ardhi upande wa kaskazini, wanaliita Allah Bund, tuta la Mungu, na maji ya mto Indus yakaacha kufika. Bandari bila maji, nani abaki?

Waliondoka. Na wengine mnawajua bila kujua. Ninyi wa Unguja mnaopita pale Mizingani, lile jengo la dispensari lenye baraza za mbao za kuchonga lilianzishwa na tajiri mfanyabiashara Tharia Topan. Kazaliwa Lakhpat mwaka 1823. Kwa hiyo anayeniuliza nimefuata nini huku kusiko na watu, nami namuuliza, watu wenyewe unadhani walikwenda wapi?

Wale mnaouliza habari ya kuolewa huku, mimi sishauri mtu. Yangu ni yangu. Mwenzio kaolewa Ahmedabad, jiji kubwa la Gujarat hii hii, anaona watu mpaka anachoka. Ila ukija, andika jina la wilaya namna moja kwenye kila karatasi.

Akaunti? Bado. Jumatatu napanda basi tena. Ngamia wiki ijayo, wakipatikana.