Distrofi ya Misuli na Kiti cha Daktari wa Meno

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa udaktari wa meno, matabibu wa kinywa mliotoka wilayani, na ninyi kina mama na kina baba mliokubali kukaa nasi jioni hii, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumze juu ya distrofi ya misuli na yale yanayompasa daktari wa meno anapompokea mgonjwa mwenye maradhi hayo. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha somo hili kabla sijalisoma vitabuni.

Nikiwa bado mgeni kazini, nililetewa mvulana wa miaka 13 aliyekuwa na gego la chini lililotoboka. Kaka yake alimbeba mgongoni kutoka kituo cha daladala, kwani kiti mwendo chake hakikuwa kinaingia garini. Nikafanya kama nilivyozoea: nikamweka kitini, nikakilaza kiti mpaka kichwa kikawa sawa na magoti, nikamwomba afungue kinywa. Hakulalamika. Alinikazia macho tu, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, mpaka mama yake akasema kwa upole, "Daktari, huyu hulalia mito mitatu." Wakati nakiinua kiti, maji machache niliyokwisha kumpulizia kinywani yalikuwa yameshafika kooni. Akapaliwa, na kikohozi alichotoa kilikuwa hafifu kama cha mtu anayesafisha sauti kabla ya kuzungumza. Mtoto yule hakuwa na nguvu ya kukohoa. Sisi humwaga maji vinywani mwa watu siku nzima tukiamini kwamba yakienda vibaya mwenyewe atakohoa, na hatukumbuki kwamba kukohoa nako ni kazi ya misuli.

Distrofi ya misuli si ugonjwa mmoja, bali ni ukoo wa maradhi ya kurithi ambayo huidhoofisha na kuila misuli kadiri miaka inavyokwenda. Ulio maarufu zaidi unaitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza kwa kina katika miaka ya 1860, na humpata takriban mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Chanzo chake kilifahamika mwaka 1987, ilipotambuliwa protini inayoitwa distrofini, ambayo kazi yake ni kuushikiza utando wa seli ya msuli usichanike msuli unapojikunja. Mvulana wa Duchenne karibu hana protini hiyo kabisa, hivyo kila hatua anayopiga huacha michubuko midogo ndani ya misuli, na baada ya muda nafasi ya msuli huchukuliwa na mafuta na makovu. Wengi huacha kutembea wakikaribia miaka 12, kisha misuli ya kupumua na moyo wenyewe hufuata. Zamani wengi hawakuvuka sana miaka 20. Leo, pale panapopatikana dawa za steroidi, matunzo ya moyo na mashine za kusaidia kupumua, wapo wanaofika miaka 30 na zaidi, na maana yake kwetu ni kwamba meno yao yanahitaji kudumu muda mrefu kuliko walimu wetu walivyodhani.

Niseme neno moja kwa kina baba kabla sijaendelea. Jeni yenye kasoro ipo kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mama, na nimeona ndoa zikiyumba kwa sababu ya sentensi hiyo moja iliyosemwa kliniki bila maelezo. Katika takriban theluthi moja ya watoto hawa mama hana kasoro hiyo kabisa. Imezuka upya kwa mtoto. Hata yule aliye nayo hakuichagua, na yeye mwenyewe anapaswa kupimwa moyo, kwa kuwa unaweza kudhoofika kimyakimya.

Sasa tuingie kinywani. Meno hayakai mahali pake kwa mizizi peke yake. Hukaa katikati ya misuli inayosukumana: ulimi kutoka ndani, mashavu na midomo kutoka nje, na misuli ya kutafuna ikiyabana kutoka juu na chini. Kwa mtoto wa Duchenne mizani hiyo huharibika, maana misuli ya kutafuna hudhoofika mapema, midomo hulegea, na ulimi hunenepa kwa kujaa mafuta na kutanuka chini kama mgeni aliyepewa chumba kidogo. Ulimi huo huyasukuma magego nje, hasa ya chini, safu ya meno ikatanuka, na siku moja mzazi anagundua kwamba mtoto akifunga kinywa meno ya mbele hayakutani, wakati mwingine hata ya pembeni, kiasi kwamba anatafuna kwa jozi moja au mbili za magego ya mwisho. Chakula cha nusu saa kinachukua saa nzima. Tonge likishamezwa, mabaki yake hukaa mashavuni na nyuma ya ulimi, kwa sababu ulimi hauna nguvu ya kuyafagia, na yasipoondolewa huozesha meno usiku kucha. Familia nazo, kwa huruma, humhamishia mtoto kwenye uji wenye sukari, maziwa mazito na soda, kwa kuwa vinapita kirahisi.

Wazazi huniuliza kama meno hayo yanaweza kunyooshwa kwa waya. Jibu langu mara nyingi ni hapana, nanyi wanafunzi mnaweza kutofautiana nami. Waya hulisukuma jino mahali papya, lakini linalolishikilia hapo ni ile mizani ya misuli, ambayo kwa mtoto huyu inabadilika kila mwaka. Tutamwongezea kazi ya kusafisha vyuma kinywani, na waya zikitoka meno yatarudi yalikokuwa.

Nakuja kwenye jambo ambalo, mkisahau mengine yote ya jioni hii, hili msilisahau: nusu kaputi. Mtoto wa kawaida mwenye meno manane yaliyooza na woga mwingi tunaweza kumlaza, tukamaliza yote kwa siku moja. Kwa mtoto wa Duchenne, na kwa mwenye Becker, ugonjwa wa ukoo huo huo ulio mpole zaidi, dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu ni marufuku. Utando wa msuli usio na distrofini unavuja. Dawa hiyo ikiugusa, potasiamu humwagika kwenye damu kwa wingi na moyo ukasimama pale pale mezani. Gesi za usingizi kama halothani, ambayo vyumba vingi vya upasuaji vya ukanda wetu vimeitegemea kwa miaka mingi, nazo zinaweza kuivunjavunja misuli hiyo, ndiyo maana wataalamu wa usingizi hupendelea dawa zinazopita mshipani tu. Hata dawa nyepesi ya kumtuliza, kama midazolamu, inaweza kupunguza pumzi ambazo tayari ni haba.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya mtoto ambaye bado hajajulikana. Mapema katika miaka ya 1990 Marekani ilitoa tahadhari juu ya suksamethoniamu kwa watoto kwa sababu wavulana walioonekana wazima walisimama moyo ghafla wakiwa wamelazwa kwa nusu kaputi, na ikabainika baadaye kwamba walikuwa na ugonjwa wa misuli ambao haujatambuliwa. Fikirini sasa: ni nani anayemwona mvulana wa miaka minne kabla ya nusu kaputi yake ya kwanza? Mara nyingi ni daktari wa meno, maana meno ya utotoni yaliyooza ndiyo yanayompeleka mezani. Basi kabla ya kuandika barua kwa mtaalamu wa usingizi, mwambie mtoto akae sakafuni, kisha asimame bila kushika kitu. Mtoto mzima huruka juu. Mwenye Duchenne hugeuka kwanza, akapiga magoti na viganja chini, akanyanyua makalio, halafu akajipanda mwenyewe: mkono kwenye goti, mkono mwingine kwenye paja, mpaka akanyooka. Daktari Mwingereza Gowers alilieleza jambo hilo mwaka 1879, nalo halihitaji mashine wala maabara. Tazama pia shavu la mguu, ambalo hunenepa mpaka jamaa wakamsifu kwamba ana miguu ya mchezaji mpira, kisha umuulize mama alianza kutembea lini na kama huanguka mara kwa mara. Dakika tatu zinatosha.

Kwa bahati nzuri, kazi nyingi za meno hazihitaji usingizi. Sindano ya ganzi ya kawaida anaivumilia vizuri, ila adrenalini iliyomo ipunguzwe moyo ukiwa umeathirika. Na hapa tunayo silaha yetu wenyewe: mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono na saruji ya glasi ionoma, bila mashine ya kutoboa na bila kurusha maji, ambayo ilianzia hapa Tanzania, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, lakini sijui mbinu inayomfaa zaidi mtu anayepaliwa na kijiko kimoja cha maji. Pia kuna dawa ya madini ya fedha na floraidi ya kupaka kwenye tundu, ambayo husimamisha uozo na kuliacha jino na weusi. Wazazi wengine huukataa weusi huo mpaka nitakapowaeleza kwamba mbadala wake ni meza ya upasuaji.

Kitini, mgonjwa asilazwe chali. Nusu kuketi, nyuzi 45 au zaidi, inatosha. Akija na kiti mwendo na kina sehemu ya kuegemeza kichwa, mtibu humo humo, kwani kumhamisha ni kumhatarisha: steroidi alizotumia kwa miaka mingi zimedhoofisha mifupa, na ukimnyanyua kwa kumshika makwapa anaweza kukuponyoka mikononi au kuvunjika mfupa. Mwache mama au kaka aonyeshe anavyobebwa, maana wao ni wajuzi wa mwili ule kuliko wewe. Tumia kifaa cha kunyonya mate muda wote, mpumzishe taya kila baada ya dakika chache, na weka miadi yake asubuhi kabla hajachoka.

Steroidi hizo zina jambo jingine. Mwili uliozoea prednisoloni, ambayo ni mojawapo ya steroidi, huacha kutengeneza homoni yake ya kupambana na mshtuko, kwa hiyo mgonjwa asiache vidonge kwa ajili ya kung'olewa jino, na kazi kubwa ikipangwa, daktari wake wa watoto aulizwe kama dozi iongezwe. Wengine hupewa pia bisfosfoneti za kuimarisha mifupa. Hizo zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa na kubaki wazi baada ya kung'oa, hivyo anayetarajiwa kuanzishiwa aletwe kwetu kwanza, tung'oe kinachostahili kung'olewa na tuzibe kinachozibika.

Distrofi ya mayotonia, ambayo huanza zaidi ukubwani na hurithiwa kutoka kwa baba au mama, niitaje kwa ufupi, kwa kuwa inajificha. Mtu huyu ana uso mrefu uliokonda kwenye panda za uso, kope zilizolegea, kaakaa lililopanda juu, na taya linaloteguka akipiga mwayo. Ukimpa mkono wa salamu, vidole vyake huchelewa kuuachia. Moyo wake unaweza kuwa na hitilafu ya umeme wake hata kama misuli inaonekana na nguvu, baridi humkaza, na dawa za usingizi humlemea kupita kiasi. Nami humpa mkono kila mgonjwa anayeingia chumbani kwangu, si kwa adabu pekee.

Kuhusu dawa ya meno yenye floraidi nyingi, ambayo vitabu vya nje hupendekeza kwa wagonjwa wenye hatari kubwa ya kuoza meno, wenzangu mnaotoka Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa muwe waangalifu. Huko yapo maji ya visima yanayovuka kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na mtoto asiyeweza kutema atameza yote mnayompakia. Ulizeni maji ya nyumbani kabla ya kuandika.

Mwisho nina mswaki. Yule mvulana wangu wa kwanza, ambaye baadaye alikuwa mgonjwa wangu kwa miaka sita, alikuwa akipiga mswaki kwa kuweka kiwiko mezani, kuusukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kisha kuteremsha kichwa, kwa maana ilikuwa rahisi meno kuufuata mswaki. Mpini mwembamba ulimponyoka. Kaka yake akauvisha mpira wa usukani wa baiskeli kuukuu, akaujaza kitambaa ndani, na kijana akaendelea kujisafishia mwenyewe karibu miaka miwili zaidi. Mikono ilipokataa kabisa, mama alisimama nyuma ya kiti mwendo, akakiegemeza kichwa kifuani pake, akalishika taya kwa mkono wa kushoto na kusugua kwa wa kulia, dawa kiasi cha punje ya kunde, bila maji ya kusukutua, na povu akalifuta kwa kitambaa safi, akimwambia, "Fungua tena, baba, bado huku nyuma." Ukoga ukibaki kinywani mwa mtu asiyeweza kukohoa, vijidudu vyake huteremka mapafuni, na alichokuwa akilinda mama yule ni mapafu pamoja na meno.

Mswaki wenyewe ninao hapa, na mpira wake. Naomba upite mkono kwa mkono kuanzia kwa kina mama kule nyuma, mkaushike kwa vidole viwili tu, bila kukunja ngumi, mjaribu kuufikisha kwenye gego la mwisho.