Blanketi Halina Joto

Haya nimeyasema Nakuru, nimeyasema Kakamega, leo nayarudia hapa Kisumu, na mkinialika mwakani mtayasikia tena: blanketi halina joto. Hata chembe.

Shahidi wangu ni barafu. Asubuhi moja nilikuwa ufuoni Dunga, nikamkuta mama muuza samaki ameweka barafu kwenye beseni akingoja mashua. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma, maji yanachuruzika. Nikamwambia, mama, ifunike kwa blanketi. Akanitazama kama mtu aliyetoroka wodini. "Mwalimu, unataka kunichemshia barafu?" Wenzake wakaangua kicheko. Basi nikanunua vipande viwili vinavyolingana. Kimoja tukakiacha wazi. Kingine nikakiviringisha kwa nailoni, halafu nikakifunga ndani ya blanketi kuukuu, nacho tukakiweka papo hapo kando ya mwenzake. Mashua ziliporudi, kile cha wazi kilikuwa kimebaki kama sabuni iliyofuliwa wiki nzima. Cha blanketini kingali na pembe zake. Hakuna aliyecheka.

Nailoni ya nini? Blanketi likilowa, kwisha kazi. Kinachofanya kazi mle si sufi, ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Najua kuna mtu pale nyuma ananung'unika: "Lakini usiku linanipasha joto." Ndugu yangu, wewe ndiwe unayelipasha! Mwili uliolala hutoa joto la kama wati 80, balbu ya zamani hiyo, nalo blanketi linalichelewesha lisitoroke. Joto hutoka penye moto likaenda penye baridi. Ukiwa ndani wewe, joto linataka kutoka. Ikiwa ndani barafu, linataka kuingia. Blanketi halibagui, linazuia tu.

Wale wa "chuma ni baridi" nao, haya, shikeni mguu wa kiti, kisha mshike ubao wa meza. Vimelala chumba kimoja usiku kucha, halijoto yake ni moja. Ila chuma kinaunyang'anya mkono joto upesi, ubao hauna haraka. Ndiyo maana sufuria ni ya alumini na mwiko ni wa mti. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mti, lakini msonga ugali hakungoja mimi nije kumwambia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mabati, basi, mbio mbio: bati ni jembamba, likipigwa na jua la saa nane linakuwa jiko juu ya utosi wako. Nyasi za nyumba ya nyanya zina hewa ile ile ya blanketi. Piga dari, na uache matundu hewa moto ipate pa kutokea. Jiko la udongo tuliache, siku nyingine.

Swali moja tu. Naam, mama wa leso ya njano? Uji nao, usipoe? Ndiyo, hata uji. Blanketi lile lile, ila lifue kwanza, lisinuke samaki.