Mita 18 za Kwenye Karatasi

Assalamu alaykum. Kaeni, kaeni. Mlio nyuma sogeeni, kuna mkeka mtupu hapa mbele na sauti yangu si ya muadhini.

Nimeitwa niseme mashine ipi ya kumwagia mbolea ushirika ununue. Mwenyekiti kanionesha karatasi tatu za bei, nimezisoma zote. Kila moja inasema mashine inarusha mita ngapi. Hakuna hata moja inayosema inarusha nini. Mchanga? Karafuu?

Wanaonijua wameshajua nitakapokwenda, na nitakwenda huko huko. Kuna bonde hapa Unguja, silitaji kwa sababu wajukuu zao wamo humu ndani. Waliletewa mashine ya kutundika nyuma ya trekta, ile yenye sahani inayozunguka chini ya pipa. Nyekundu, inang'aa, ubavuni imebandikwa karatasi: mita 18. Dereva akaambiwa kila akigeuza aache mita 18 kutoka njia aliyopita. Akatii. Dereva hana kosa, alipima kwa kamba kabisa.

Siku kumi baadaye naitwa. Nimesimama juu ya kingo nautazama mpunga, naona kikoi. Mstari wa kijani kilichokolea, mstari wa njano, kijani, njano, mpaka mwisho wa bonde. Watu walishahukumu: mbolea feki. Mmoja anasema maradhi, mwengine anasema husda. Mimi nikashuka, nikahesabu hatua kutoka katikati ya kijani hadi katikati ya kijani cha pili. Hatua 24. Hatua yangu ni robo tatu ya mita, fanyeni hesabu wenyewe. Husda gani hiyo inayopima mita 18?

Nikaomba beseni 11 zinazolingana. Bibi mmoja akanishika mkono, "Hilo ndilo naloshea mchele, lirudi kama lilivyotoka." Tukatandika kitambaa ndani ya kila moja, maana punje zikigonga plastiki huruka zikatoka. Tukazipanga mstari mmoja kukata njia ya trekta, moja katikati baina ya matairi, tano huku, tano kule, mita moja na nusu baina yao. Trekta likapita mara moja kwa mwendo ule ule alioutumia dereva. Kilichoingia kwenye kila beseni tukakimimina kwenye chupa ya maji iliyo tupu, chupa tukazipanga juu ya kingo kwa mpangilio wa beseni zake.

Hapo hakuhitajika mtaalamu. Chupa ya katikati ndiyo iliyojaa kuliko zote. Zinazofuata zinashuka, zinashuka, na ya mwisho kila upande ina punje za kuhesabu. Chupa ya tatu kutoka katikati, upande huu na ule, ilikuwa nusu ya ile ya katikati. Mita nne na nusu huku, nne na nusu kule: tisa. Pale penye nusu ndipo njia inayofuata inapokuja kujaza nusu iliyobaki. Kwa hiyo trekta lilitakiwa lirudi kila mita tisa. Na kwa kuwa tundu la pipa lilifunguliwa kwa hesabu ya mita 18, mistari ya kati ilipata mara mbili ya haki yake. Ule mpunga wa kijani mliousifia ulirefuka ukalala chini kabla ya kuvunwa. Wa njano ulisimama, lakini ulisimama na nini?

Beseni nililirudisha, limeoshwa mara tatu.

Sasa kwa nini karatasi iseme 18 na urea, ile mbolea tuliyoimwaga bondeni, iende tisa? Chukua kokoto urushe, kisha rusha bisi. Lita moja ya urea ni kiasi cha robo tatu ya kilo. Lita ya DAP, ile mbolea ya kupandia, inakaribia kilo. Sahani ni ile ile, nguvu ni ile ile, nyepesi inaanguka karibu. Ndiyo maana nawakataza kuchanganya hizo mbili kwenye pipa moja ili "mumalize kazi siku moja". DAP itakwenda mbali, urea itabaki karibu, na utakuwa umetengeneza vikoi viwili.

Namuona mzee pale anatikisa kichwa. Najua, ami: "Sisi tunamwaga kwa mkono na tunavuna." Kweli. Bibi yangu alimwaga kwa mkono na hakuwa na mistari, lakini mlimtazama alivyofanya? Aliigawa mbolea mafungu mawili. La kwanza alikwenda nalo urefu wa shamba, la pili akakata mapana. Alipokosea mara ya kwanza alijisahihisha mara ya pili. Mashine haiwezi kujisahihisha, inarudia kosa lako mpaka mwisho wa shamba.

Na wengi wenu mna majaruba, vishamba vidogo vya mpunga vilivyozungushiwa kingo. Mashine ya trekta ya nini ndani ya jaruba? Nusu ya mfuko itaangukia kwa jirani, na jirani hatakuja kushukuru. Ile ya kuvaa kifuani, ya kuzungusha kwa mkono, inawatosha. Ipimeni hivi: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka ni kama gramu 12 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa beseni zimekupa upana wa mita sita, tembea mita 50. Hizo ni mita za mraba 300, kwa hiyo lazima ziwe zimetoka kilo tatu na gramu 700 hivi. Zimetoka tano? Punguza tundu. Usipunguze kwa kukimbia.

Muda unanibana, nilitaka kusema mengi juu ya kutu. Kwa ufupi: sahani na mabawa yake, yale yanayosukuma punje, yawe ya chuma kisichoshika kutu, kwani hewa yetu ya bahari ikikutana na mbolea, mashine ya chuma cha kawaida haimalizi misimu mitatu msipoiosha. Bawa likitoboka hata kidogo, chupa zote zinabadilika. Unyevu nao: ukipita asilimia 73 hivi, urea inaanza kunywa maji hewani na kuganda ndani ya pipa, na asubuhi zetu za masika zote ziko juu ya hapo. Usiijaze mashine ukaenda kunywa chai. Umande ukiwa bado kwenye majani, ngoja ukauke. Kusi likivuma, rudi nyumbani. Ndugu zangu wa Pemba na vilima vyenu, mnifuate baadaye, yenu ni hadithi nyengine.

Kuhusu zile karatasi tatu, sijui ipi mnunue, na muuzaji hajui pia. Wawili wamekubali kuzileta mashine zao leo, ziko nje kwenye kiwanja cha skuli. Wa tatu alisema karatasi yake inatosha. Nani kaja na beseni? Tano huku, tano kule, moja katikati. Na vitambaa, msisahau vitambaa.