Aliyetoka kambini asitiwe pingu

MWANAISHA: Hamjambo nyote mnaotusikiliza. Mimi ni Mwanaisha, niko na kaka Rashid hapa Mombasa. Leo ni ulanguzi wa binadamu, na tumeamua kwenda mbali, hadi Myawaddy, mji wa Myanmar ulio mpakani na Thailand. Kaka, mbona huko?

RASHID: Kwa sababu vijana wetu wamefikishwa huko, dada. Na huko ndiko mikataba ya dunia inakopimwa. Mtu akitaka kujua kama mataifa yanapambana kweli na ulanguzi, asihesabu waliokamatwa peke yake. Aangalie yule aliyetoka akiwa hai kwenye kambi za utapeli za huko, kesho yake alifanyiwa nini.

MWANAISHA: Kwanza waelezee watu wanafikaje huko.

RASHID: Kijana amemaliza chuo, kompyuta anaijua, Kiingereza anakizungumza vizuri. Anaona tangazo la kazi Bangkok, huduma kwa wateja, mshahara wa dola, tiketi wanalipa wao. Anapokelewa vizuri tu uwanjani. Kisha gari linashika njia ya magharibi, saa baada ya saa, hadi Mae Sot. Anavushwa mto Moei, na ng'ambo ni Myanmar, eneo lililo mikononi mwa makundi yenye silaha. Pasipoti inachukuliwa. Anapewa simu na kuambiwa kazi yake ni kujifanya mchumba wa mtu aliye Marekani au Ulaya, amvute taratibu mpaka amwage akiba yake kwenye uwekezaji hewa wa sarafu za kidijitali.

MWANAISHA: Akikataa?

RASHID: Kipigo. Shoti za umeme. Au jamaa zake wanapigiwa simu watume maelfu ya dola ndipo aachiliwe. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa Myanmar katika utapeli huu, na Cambodia wengine kama 100,000.

MWANAISHA: Sasa kuna maneno nayasikia sana mtaani na yananiuma. "Si alikwenda kwa miguu yake? Si alipanda ndege mwenyewe?"

RASHID: Jibu lake liko kwenye Itifaki ya Palermo, mkataba wa dunia dhidi ya ulanguzi wa binadamu. Umoja wa Mataifa uliipitisha Novemba 2000, ikaanza kutumika Desemba 2003, na karibu dunia nzima imeingia. Inatazama mambo matatu: alichofanyiwa mtu, kama kusajiliwa au kusafirishwa, njia iliyotumika, kama nguvu, vitisho au hila, na lengo, yaani kumnyonya. Ikiwa njia ilikuwa hila, kukubali kwake hakuna uzito wowote. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18, hiyo hila wala haihitaji kuthibitishwa.

MWANAISHA: Basi sheria iko upande wake.

RASHID: Iko, lakini nusu. Kifungu cha 5 kinaziamuru nchi ziufanye ulanguzi kuwa jinai. Hapo hakuna kusitasita. Ukifika kifungu cha 6, penye nyumba ya kulala, matibabu, ushauri nasaha, amri inalegea. Nchi zinatakiwa kufikiria kuyatoa hayo. Kufikiria tu, dada! Na kuhusu kutomshtaki mwathiriwa kwa kosa alilolazimishwa kulitenda, itifaki haina kifungu.

MWANAISHA: Hata kimoja?

RASHID: Hata kimoja. Hilo lilikuja baadaye, kwingine. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 2005 unalo, itifaki ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ya 2014 kuhusu kazi za kulazimishwa inalo, mkataba wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, wa 2015 pia. Na sheria yetu ya Kenya ya 2010 dhidi ya ulanguzi inamkinga mwathiriwa kwa jinai iliyotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Hapo wabunge wetu walifanya jambo jema.

MWANAISHA: Lakini kaka, yuko pia bibi wa Ulaya aliyetapeliwa akiba yake ya uzeeni. Naye ana haki. Tumwambie nini?

RASHID: Ana haki kamili, na pesa zake zitafutwe kwa wenye kambi. Lakini aliyekuwa akimwandikia ujumbe huku mtu amemsimamia na rungu, huyo si mwenye kambi. Polisi wasipotofautisha, matajiri wa kambi wanabaki salama, na waliotoroka wanaogopa kusema wanayoyajua.

MWANAISHA: Februari 2025 tuliona wengi wakitolewa.

RASHID: Mwigizaji mmoja wa China alikuwa ametekwa Januari, kelele zikawa kubwa. Thailand ikakata umeme unaokwenda upande ule, na katika wiki zilizofuata watu wapatao 7,000 wakatolewa kambini. China ikaleta ndege, ikachukua watu wake. Waafrika wengi walibaki hapo hapo mpakani wakisubiri, wamerundikana, chakula cha shida, tiketi hakuna. Kuna nchi hata ubalozi Bangkok hazina. Na ukivuka kurudi Thailand, kabla hujatambuliwa rasmi kama mwathiriwa, wewe ni mtu aliyevuka mpaka kinyume cha sheria.

MWANAISHA: Na pesa za tiketi zinakosekana vipi, wakati biashara yenyewe inaogelea kwenye mabilioni?

RASHID: ILO mwaka 2024 walikadiria faida haramu ya kazi za kulazimishwa duniani kuwa dola bilioni 236 kwa mwaka. Mimi nasema zinazokamatwa zianze kwa manusura. Sheria yetu imeunda mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Bunge liutilie pesa, na familia zijulishwe upo.

MWANAISHA: Kwa anayetusikiliza na mwanawe ameitiwa kazi huko?

RASHID: Kazi ya kweli haifuatwi kwa visa ya utalii. Na wakala aangaliwe kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

MWANAISHA: Na kama ameshakwenda, na sasa amerudi?

RASHID: Asifute kitu kwenye simu. Jumbe za WhatsApp, miamala ya M-Pesa, namba, picha ya tangazo. Tajiri wa kambi polisi wetu hawamfikii, ila aliyemsajili huenda yuko Nairobi au hapa Mombasa, na sheria inamtaka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kesi itasimama au kuanguka kwa zile jumbe.